Jicho la Mlinzi Lisipofushwe Forodhani

Wahenga walitwambia kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya mwiba mmoja mdogo sana, ambao wengi wetu hatuujali kwa kuwa haulii kama bunduki wala haung'ai kama nyota ya begani. Mwiba huo ni namba ya ushuru wa forodha, ile inayoandikwa kando ya jina la kila bidhaa iingiayo nchini; na hasa namba inayoandikwa kando ya vile vipande vidogo vya kioo na vya umeme vinavyohisi mwanga, ambavyo ndivyo macho ya darubini zetu za usiku, ya kamera za polisi mijini na ya ndege zisizo na rubani.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili msomaji asipapase gizani. Twashikilia kwamba namba hiyo ni sehemu ya kazi ya ulinzi, sawasawa na doria na lindo. Twashikilia pia kwamba mtu yeyote aliyevaa sare, awe na cheo gani, hana haki ya kumwambia afisa wa forodha afumbe macho eti kwa sababu mzigo ni wa serikali. Wapo watakaosema kwamba maneno haya yangefaa kusemwa na watu wa Mamlaka ya Mapato, si na watu wa jeshi. Tunawaomba wavute subira na kutusikiliza hadi mwisho.

MACHO YALIYOTENGENEZWA KWA MIKONO

Askari wa zamani alitegemea macho yake mwenyewe, na usiku ulipoingia alitegemea masikio. Siku hizi amepewa macho mengine. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha semikondakta kiwezacho kuupokea mwanga na kuugeuza kuwa chaji za umeme, zikasomwa moja baada ya nyingine hata zikafanya picha. Kwa kazi hiyo walituzwa mwaka 2009 nishani ya Nobel ya fizikia. Tangu siku zile vipande vya jinsi hiyo vimezidi kupungua ukubwa na bei, na leo vimo katika simu za mkononi, katika ving'ora vya moshi, katika milango ya maduka ijifunguayo yenyewe, na katika kamera ambazo polisi wetu walianza kuzitundika kwa wingi katika barabara za Kampala tangu mwaka 2018.

Lakini si kila kinachohisi mwanga ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Ipo fotodayodi, kipande kidogo kama punje ya mchele. Upo mrija wa kukuza mwanga, ambao hupokea mwanga hafifu wa nyota, huugeuza kuwa elektroni, huzizidisha, kisha huzirudisha kuwa picha ya kijani kibichi ambayo kila aliyelinda usiku anaifahamu. Kipo kihisio cha joto, ambacho hakihitaji mwanga wa nyota wala wa mwezi, kwa kuwa huuona ujoto utokao katika mwili wa mtu au katika injini ya gari. Zipo na lenzi, ambazo hazihisi chochote, bali huukusanya mwanga na kuupeleka mahali pake. Mtu asiyezoea atavitia vyote katika kapu moja na kuandika katika ankara: "vipuri vya darubini". Hapo ndipo mwiba unapoingia mguuni.

KITABU KIMOJA CHA DUNIA

Tangu zamani kila nchi ilikuwa na orodha yake ya bidhaa na ushuru wake, na mfanyabiashara aliyevuka mipaka mitatu alijaza karatasi za lugha tatu. Mataifa yaliona dhiki hiyo, nayo yakaunda baraza la ushirikiano wa forodha mwaka 1952, lenye makao yake Brussels, ambalo leo laitwa Shirika la Forodha Duniani. Mkataba wa mfumo mmoja wa kuzipa bidhaa majina na namba ulikubaliwa mwaka 1983, ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1988. Mfumo huo una mafungu 21 na sura 96 zitumikazo, na kila bidhaa hupewa tarakimu sita zisizobadilika kutoka Tokyo hata Mutukula. Kila baada ya miaka kadhaa kitabu hurekebishwa kwa kuwa vitu vipya huzaliwa. Toleo litumikalo sasa lilianza tarehe 1 Januari 2022, na lijalo limepangiwa kuanza tarehe 1 Januari 2028.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeongeza tarakimu mbili juu ya zile sita, tukapata nane. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya yetu ilitiwa saini tarehe 2 Machi 2004, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2005, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 ambayo ni moja kwa nchi zote wanachama. Ushuru wa pamoja juu ya bidhaa zitokazo nje ulianza na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo ya uzalishaji, asilimia 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Ngazi ya nne, ya asilimia 35, iliongezwa tarehe 1 Julai 2022. Kwa hiyo anayeandika namba anaandika pia, bila kutamka, kiasi cha fedha kitakachoingia au kitakachokosekana katika hazina.

MWANGA MMOJA, NYUMBA NYINGI

Tuvitazame sasa vile vipande vyetu, kimoja kimoja, kama sajini akaguaye kikosi.

Fotodayodi au fotatransista ikija peke yake, haina lenzi wala kibao cha saketi, nyumba yake ni kichwa 8541, cha vifaa vya semikondakta. Mpaka mwisho wa mwaka 2021 vipande vyote vya aina hiyo, pamoja na paneli za kuvuna umeme wa jua na taa ndogo za LED, vilikaa chumba kimoja, 8541.40. Tangu mwaka 2022 chumba hicho kimegawanywa: taa za LED zina namba yake, paneli za jua zina namba zake, na vihisio vilivyobaki vimehamia 8541.49. Karani anayenakili namba kutoka ankara ya mwaka 2020 anaandika namba iliyokwisha kufa.

Kipande hicho kikiwa ni saketi jumuishi, kitadai kuingia kichwa 8542. Kikifungwa juu ya kibao pamoja na lenzi, mjadala huhamia kichwa 8525, nyumba ya kamera, na 8529, nyumba ya sehemu zake. Kikitiwa ndani ya king'ora cha moto au cha wezi, king'ora kizima kinakwenda 8531. Mrija wa kukuza mwanga haukai pamoja na semikondakta hata kidogo. Nyumba yake ni 8540.20. Lenzi isiyo na fremu ni 9001, na iliyokwisha kuwekwa katika fremu yake ni 9002. Darubini ya macho mawili ni 9005. Darubini iliyotengenezwa kufungwa juu ya bunduki ni 9013.10.

Tuzidi kidogo. Toleo la mwaka 2022 limeipa kamera ya kuonea usiku namba yake yenyewe, 8525.83, na maelezo ya sura hiyo yanasema waziwazi kwamba yahusu tu ile itumiayo utando wa kugeuza mwanga uliopo kuwa elektroni. Kamera inayoona joto imetolewa nje ya namba hiyo. Kwa kawaida huwekwa katika 8525.89. Kwa macho ya askari zote mbili ni za usiku. Kwa kitabu cha forodha ni watu wawili tofauti, kwa sababu kila moja hufanya kazi kwa njia yake. Na ndege zisizo na rubani, ambazo hapo awali ofisi nyingi za forodha zilizihesabu kuwa ni kamera zinazoruka, tangu mwaka 2022 zimejengewa nyumba yao, kichwa 8806.

Hali kadhalika, tusidanganywe na neno "kipuri". Katika kitabu hiki kipuri si jina. Maelezo ya Sura ya 90 yanaagiza kwamba kipande ambacho chenyewe kimetajwa katika kichwa fulani cha sura za 84, 85, 90 au 91 kiende katika kichwa chake, hata kama kimenunuliwa kwa ajili ya darubini. Nayo maelezo ya Sura ya 85 yanavipa vichwa 8541 na 8542 kipaumbele juu ya karibu vichwa vingine vyote. Ni sawa na askari mwenye fani yake: hata akihamishiwa kikosi kingine, fundi wa redio hubaki fundi wa redio.

SHERIA SITA NA NYANYA MOJA

Wapo wanaodhani kwamba afisa wa forodha huchagua namba kwa kubahatisha, au kwa kutazama uso wa mwenye mzigo. Sivyo. Kitabu kina kanuni sita za kufasiri, nazo hufuatwa kwa mpangilio, kama amri za gwaride. Ya kwanza na iliyo kuu yasema kwamba neno la kichwa na maelezo ya fungu au ya sura ndiyo yanayoamua. Ya pili yasema kwamba kitu kisichokamilika, au kilichofunguliwa vipande vipande, huhesabiwa kama kizima endapo tayari kina sifa yake kuu. Ya tatu yafundisha la kufanya vichwa viwili vinapokigombania kitu kimoja: kwanza lichukuliwe jina lililo mahsusi zaidi, likishindikana, itazamwe sifa kuu ya kitu, ikishindikana, kichukuliwe kichwa kilicho cha mwisho kwa hesabu. Ya nne yahusu kitu kisicho na jina popote, nacho hupelekwa kwa ndugu yake wa karibu. Ya tano yahusu mikoba na vifungashio, na ya sita ngazi za chini za namba.

Kanuni ya pili tuikumbuke sana sisi walinzi. Mtu anayeifungua darubini ya bunduki, akatia mrija katika boksi hili, lenzi katika boksi lile, na gamba lake katika boksi la tatu, kisha akayaleta yote kwa mzigo mmoja akidai kwamba analeta vioo na vyuma tu, hajaukwepa mtego. Sheria yamwona kuwa ameleta darubini nzima ya bunduki.

Na mizozo ya namba si mambo ya leo wala ya Afrika peke yake. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliombwa kuamua kama nyanya ni tunda au ni mboga. Sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza mboga asilimia 10 na kuyaacha matunda bure, nao wafanyabiashara wa jamaa ya Nix walimshtaki Hedden, mkusanya ushuru wa bandari ya New York. Majaji walikiri kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, lakini wakaamua kwamba katika biashara na mezani watu huila kama mboga, basi ikalipiwa. Kama nyanya, ambayo kila mama sokoni anaijua, iliwafikisha watu mbele ya mahakama ya juu kabisa, je, itakuwaje kwa kipande cha semikondakta ambacho hata aliyekinunua hakijui vema?

FEDHA NA DAMU

Tuchukue mfano wa hesabu ili jambo lieleweke. Tuseme mfanyabiashara ameleta shehena ambayo thamani yake, pamoja na nauli na bima, ni shilingi milioni 200. Kitabu kikisema ngazi yake ni asilimia 25, ushuru ni milioni 50. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu Uganda ni asilimia 18, itahesabiwa juu ya milioni 250, nayo ni milioni 45. Jumla ni milioni 95. Mfanyabiashara huyo akiandika namba ya asilimia 0, atalipa kodi ya ongezeko la thamani peke yake, milioni 36. Milioni 59 zimepotea, tena bila ya kuvunja kufuli wala kumpiga mlinzi, kwa kalamu tu. Fedha hizo ni mishahara, ni viatu, ni dawa katika zahanati za kambi. Askari anayelalamika kwamba sare zimechelewa, kisha akasaidia mzigo wa namba ya uongo kupita, anajiibia mwenyewe.

Hasara ya pili ni mbaya zaidi, maana haihesabiki kwa shilingi. Vita vya Ukraine, tangu mwaka 2022, vimeonyesha dunia nzima jinsi ndege ndogo ya bei nafuu, yenye kamera ya kawaida, inavyoweza kulitafuta handaki na kudondosha bomu juu yake. Kipande kinachoingia kwa jina la taa ya bustani chaweza kuwa jicho la adui juu ya kichwa cha askari wetu. Kwa hiyo anayechunguza kama karatasi na mzigo vinalingana hafanyi kazi ya hazina tu. Anawalinda wenzake.

"MZIGO HUU NI WA JESHI"

Sasa tufike kwenye hoja tunayoisikia mara kwa mara. Watu husema: vifaa vya jeshi vimesamehewa ushuru, basi namba ya nini? Ni kweli kwamba Jedwali la Tano la Sheria ya Forodha ya mwaka 2004 limesamehe bidhaa ziletwazo kwa matumizi rasmi ya majeshi ya nchi wanachama. Hatuipingi haki hiyo, wala hatutaki mlipa kodi atoe fedha mfuko mmoja na kuzitia mfuko mwingine. Lakini msamaha wa ushuru si msamaha wa ukweli. Twatoa sababu tatu.

Kwanza, msamaha umetolewa kwa bidhaa fulani, kwa matumizi fulani. Bidhaa ambayo haikutajwa sawasawa haiwezi kuthibitishwa kwamba ndiyo iliyosamehewa, wala kwamba iliyofika boharini ndiyo iliyotoka bandarini. Namba sahihi, idadi sahihi na jina kamili ni shahidi wa afisa ugavi mwaminifu siku ya ukaguzi. Asiye na shahidi huyo atasimama peke yake.

Pili, vifaa vyetu vya kuonea usiku havinunuliwi kama sabuni. Tangu mwaka 1996 nchi nyingi ziviundazo zimefungamana katika Mapatano ya Wassenaar, na katika orodha yao ya vitu vya kuchungwa fungu la sita ni la vihisio na leza. Mirija ya kukuza mwanga na vihisio vya joto vya daraja la juu vimo humo. Muuzaji hapewi kibali cha kusafirisha mpaka serikali yake ijue nani atakayevitumia na kwa kazi gani. Namba za orodha hiyo si zile za forodha, na mtu asizichanganye. Lakini maelezo ya kitu hayana budi kuwa mamoja katika hati zote. Kibali kikisema mrija, na tamko letu la forodha likisema lenzi, nchi iliyotuuzia itakuwa na haki ya kuuliza mrija wake umekwenda wapi. Heshima ya jeshi hupotea kwa swali kama hilo, na ununuzi unaofuata huwa mgumu.

Tatu, na hili ndilo litukeralo zaidi, mlanguzi hupenda kivuli kikubwa. Hakuna kivuli kikubwa kuliko maneno haya: "mzigo huu ni wa jeshi". Kadiri sisi wenyewe tunavyozoea kupitisha mizigo yetu bila ya maelezo, ndivyo tunavyomfundisha mlanguzi njia. Akifika mpakani na barua ya kughushi, atakuta mlango uliokwisha zoeshwa kufunguka. Jeshi lililo wazi katika hati zake humwacha mlanguzi juani.

Wazee wetu hawana haja ya kufundishwa neno magendo. Katika miaka ya 1970 neno hilo lilikuwa ndilo jina la maisha yenyewe hapa Uganda. Bei ya kahawa ilipopanda duniani, kuanzia mwaka 1976, kahawa yetu ilivushwa usiku kwa magunia hata soko la Chepkube, upande wa Kenya, likapata sifa ya dhahabu nyeusi. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika, na idara yetu ya pamoja ya forodha ikaenda nayo. Ilituchukua miaka mingi kurudi tulipokuwa: mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999. Nchi isiyoheshimu mpaka wake hushindwa kujilisha, hata iwe na bunduki ngapi.

HARAKA INA NJIA YAKE

Tunajua vema uzito wa hoja ya haraka. Kikosi kilicho mbele hakiwezi kungoja mwezi mzima huku darubini zake zikiwa pofu kwa sababu makarani wawili wanabishana kama kipande ni 8529 au 8541. Askari anayelinda bila kuona anaweza kulipa kwa uhai wake, na sisi hatutaki aliye ofisini penye feni aichukulie hoja hiyo kuwa kisingizio. Lakini sheria yenyewe imekwisha ifikiria haraka.

Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, uliokubaliwa Bali mwaka 2013 na kuanza kazi tarehe 22 Februari 2017, unataka nchi zitoe uamuzi wa mapema kwa yeyote aombaye: mnunuzi hueleza bidhaa kabla haijapakiwa melini, nayo forodha humwambia namba yake kwa maandishi. Sheria ya Afrika Mashariki nayo imeuingiza utaratibu huo. Mkataba huo huo unaagiza kuwe na njia ya kuachia mzigo kabla hesabu ya mwisho ya ushuru haijafikiwa, mradi iwekwe dhamana na masharti mengine yatimizwe. Na asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kumwomba Kamishna autazame upya, kisha akishindwa ana siku 45 za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi. Njia zote hizi ni halali. Simu ya mkubwa inayopigwa usiku kwa afisa mdogo wa Malaba au Elegu haimo katika orodha.

Na lawama tusizirundike upande mmoja. Afisa wa forodha ni binadamu. Leo amepewa mashine ya hospitali, kesho matairi, kesho kutwa kihisio cha joto. Hawezi kuvijua vyote. Mafundi wetu wa mawasiliano na wa karakana za silaha wanavijua. Kwa nini tusikae nao meza moja? Fundi akimwonyesha afisa tofauti ya mrija na kihisio cha joto kwa nusu saa, ataokoa wiki tatu za barua. Tangu mwaka 2014, katika Himaya Moja ya Forodha, mzigo wetu hutamkwa na kulipiwa ungali bandarini Mombasa. Kosa likiandikwa kule, husafiri nasi njia nzima.

MAMBO MANNE

Basi, tupendekeze nini? La kwanza, kila hati ya kununulia kifaa chenye jicho iambatanishwe na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ikionyesha kinavyofanya kazi, kimeundwa kwa nini, kimekuja kizima au vipande, kina lenzi au hakina. Neno "vipuri" peke yake lipigwe marufuku katika ankara zetu.

La pili, somo la ushuru wa forodha litiwe katika mafunzo ya maafisa na makarani wa ugavi, wa jeshi na wa polisi. Hatusemi kila mmoja awe bingwa. Twasema ajue kanuni sita, ajue kutafuta kichwa na kusoma maelezo ya sura, na ajue kwamba kitabu hubadilika, tena kwamba kila mwaka, karibu na tarehe 1 Julai, nchi zetu hutangaza marekebisho ya viwango.

La tatu, uamuzi wa mapema uombwe kwa kila ununuzi mkubwa kabla fedha haijatumwa ng'ambo. Siri za ulinzi zaweza kuhifadhiwa bila ya kudanganya. Namba ya forodha husema kitu ni nini, haisemi kitawekwa kilima gani.

La nne ni la askari na polisi walio zamu mipakani na njiani. Sheria ya mwaka 2004 imempa afisa wa forodha, awapo kazini, mamlaka kama ya polisi katika mambo ya forodha. Kazi ya kufungua na kukagua shehena ni yake. Kazi yetu ni kumlinda na kumsaidia, si kumtisha. Ukiona lakiri imevunjwa, hati imeandikwa taa na boksi limeandikwa kamera, au mtu asiye na sare akitaja jina la mkubwa kabla hajaulizwa, usimpigie saluti ukampitisha. Mwite afisa, andika kumbukumbu, ngoja. Na ukiambiwa kwamba mzigo ni wa jeshi, jibu kwa adabu kwamba wewe pia ni wa jeshi, na ndiyo maana wauliza.

Kipande kinachohisi mwanga hufanya jambo moja tu: hupokea kilichopo na kukionyesha kama kilivyo. Hakiongezi wala hakipunguzi, na hakijui mwenye cheo ni nani. Hati zetu ziwe hivyo hivyo. Tukiyataka macho hayo yatuonyeshe adui usiku, tuanze kwa kuyaita kwa majina yake ya kweli mchana, mbele ya meza ya forodha.